Hodhi Lililonyamaza

Agrippina aliinama juu ya hodhi, akatega sikio. Kimya. Ilikuwa siku ya tatu tangu zabibu zikanyagwe, na kwa wakati kama huo hodhi lilitakiwa liwe linanguruma kama chungu cha maharage, maganda yamepanda juu na kufura, na mtu akifungua mlango wa nyumba ya shinikizo la kukamulia zabibu apigwe puani na harufu ya kumtoa machozi. Badala yake palikuwa na baridi, na harufu tamu ya kitoto, ambayo pembeni ilikuwa imeanza kuingiwa na ukali usio mzuri. Inzi wawili walitembea juu ya maganda bila wasiwasi.

"Vipi, mama?" Egidio, mwanawe, aliuliza kutoka mlangoni. Alikuwa na kuni mabegani.

"Bado."

"Bado, au basi?"

"Nimesema bado. Leta mawe."

Yalikuwa mawe meusi ya Mlima, ule mlima wa moto ulio juu ya kitongoji, waliyoyachoma kwenye tanuri la mkate tangu alfajiri. Egidio akayafunga kwenye magunia na kuyasukuma kuzunguka ubavu wa hodhi, mama akayafunika kwa mablanketi mawili, moja la kitanda chake mwenyewe na lingine la kitanda cha arusi ya mwanawe. Juu kabisa akaweka tawi lililobarikiwa Jumapili ya Matawi. Wakasimama wakitazama kama watu wanaomtazama mgonjwa.

"Kwa jirani zetu wote limeshachemka," Egidio akasema. "Kwa Mzee Filadelfio unasikia mpaka barabarani."

"Mwaka huu kuna baridi."

"Baridi imekuja kwetu tu?"

Agrippina alikaza blanketi ubavuni mwa hodhi. Hodhi lile lilikuwa mwaka wao mzima. Zabibu zao nyeusi, aina ya nerello iliyokuwepo tangu babu wa mume wake, huchelewa kuiva kuliko zote, na zikishakanyagwa hakuna za akiba. Maji yake yasipochemka, yaani yasipochachuka kuwa divai, yanageuka siki, na sikukuu ya Mtakatifu Martino, siku ya kuonja divai mpya, ikifika, dalali wa bandari ya Riposto hatashuka hata kwenye gari lake.

"Lile tangazo bado limebandikwa manispaa," Egidio akasema, akipangusa mikono kwenye suruali. "Migodi ya makaa, Ubelgiji. Jumatatu wanaandikisha."

"Chini ya ardhi."

"Ndiyo, chini ya ardhi. Huku juu ya ardhi sisi tumepata nini, mama?"

"Umemwona mtoto wa fundi mapipa alivyorudi? Akipumua, kifua kinapiga filimbi. Ana miaka mingapi yule?"

"Alirudi na baiskeli."

"Anaipanda?"

Egidio akainama tena kwenye mawe, akawa anayasogeza yasiyohitaji kusogezwa.

*

Tindara, mke wa Egidio, alileta kahawa ya shayiri na mkate. Hakuvuka kizingiti. Aliweka sinia chini, juu ya jiwe la nje, akarudi hatua mbili nyuma kama mtu anayempa mbwa asiyemjua chakula. Siku ya kukanyaga alikuwa ameingia mle ndani kuwapelekea wanaume maji ya kunywa, na Bi Provvidenza, mke wa Filadelfio, alikuwa anapita njiani akamwona. Kule mlimani mwanamke aliye katika siku zake haingii penye zabibu zinazokanyagwa, na kwa vile hakuna anayekwenda kuhakikisha, wanawake vijana hawaingii kabisa. Wanaingia waliokwisha kuacha, kama Agrippina. Lakini Tindara alitoka pwani, kwa watu wa samaki, na alikuwa na mwaka mmoja tu wa ndoa.

Egidio alimvuta mama yake pembeni, uso umemwiva. "Mama, muulize."

"Nimuulize nini?"

"Unajua. Siku ile kama alikuwa… Wewe mwanamke mwenzake."

"Wewe ni mume wake."

"Siwezi kumuuliza kitu kama hicho!"

Basi Agrippina akamfuata mkamwana wake nyuma ya nyumba, alikokuwa anaanika nguo. Akashika upande wa pili wa shuka, wakaikamua pamoja.

"Watu wanasema maneno," akaanza.

"Nimeyasikia."

"Siku ile ulivyoingia…"

Tindara aliacha kukamua. "Ni wewe unayeniuliza, mama? Au ni yeye?"

"Si mimi."

"Sikuwa. Mwambie sikuwa." Akatundika shuka, akainyoosha pembe. Kisha akasema bila kugeuka, kwa sauti ndogo, "Mama, lakini yale maji ya birikani…"

"Maji gani?"

Tindara akamtazama. Agrippina ndiye aliyeyakwepa macho ya mwenzake kwanza.

"Kuku hawajala," akasema. "Kawape."

Maji aliyajua. Mwezi wa tisa Mlima ulikuwa umepiga chafya, jivu jeusi kama pilipili manga iliyosagwa likaanguka juu ya zabibu zilizokuwa karibu kuiva. Mwaka wa nyuma pia liliwaangukia, wakakanyaga hivyo hivyo, na dalali akasema mbele ya watu kwamba divai ya mjane wa Nunzio inanuka kiberiti. Neno hilo lilimkaa Agrippina kama mwiba. Yeye ambaye nyumba yake mtu angeweza kulia chakula sakafuni! Mwaka huu akaapa. Aliisugua sakafu ya kukanyagia kwa chokaa na magadi, akafukiza kila pembe. Kisha, Egidio akiwa bado matuta ya juu anakata, yeye na Tindara walitumbukiza vikapu kwenye birika la uani la maji ya mvua, wakasugua vichala kwa viganja mpaka ule ukungu mweupe wa kwenye ganda ukatoka wote, na zabibu zikang'aa kama viatu vya padri. Wakazianika juani zikakauka. Egidio aliporudi alisema, "Za mwaka huu nzuri," na mama yake akafurahi.

Tindara alikuwa amesema jambo moja tu siku ile. "Mama, kwetu samaki wa kutia chumvi hatumwoshi kwa maji baridi. Anakuwa kama amekufa mara ya pili."

"Zabibu si samaki," Agrippina alimjibu.

Sasa alikuwa anakumbuka mambo. Marehemu mumewe Nunzio alikuwa akisema ule ukungu ndio pumzi ya zabibu, mtu asiufute hata kwa mkono wa shati. Nunzio alisema mengi, mengine akiwa amelewa, na si yote ambayo Agrippina aliyatia akilini.

*

Siku iliyofuata, baada ya rozari, wanawake walisimama mbele ya kanisa wakifunga mitandio yao. Bi Provvidenza alikuwa katikati, mfupi, mnene, sauti kama kengele ya mbuzi.

"Tumsifu Yesu Kristu, Agrippina."

"Milele amina."

"Limechemka?"

"Litachemka, Mungu akipenda."

"Mungu anapenda. Ni watu wasiopenda desturi." Akawageukia wenzake. "Mimi sisemi kitu, mimi si mtu wa kusema. Lakini kuna mikono baridi duniani. Mkate wa yule msichana hauumuki, tumbo lake haliumuki, sasa hodhi nalo. Ni bahati mbaya mara tatu hiyo?"

Mmoja akacheka, mwingine akajifanya anakohoa. Agrippina aliishika rozari yake ndani ya mfuko wa aproni. Alitakiwa aseme pale pale. Maneno yenyewe yalikuwa machache: ni mimi niliyeziosha. Lakini aliwaza watakavyomtazama, wanawake ambao kwa miaka thelathini alikuwa akiwaonyesha namna ya kung'arisha masufuria. "Tuombeane," akasema, akashuka njia ya mawe. Kila hatua alikuwa anajiambia kwamba kunyamaza si kusema uongo. Hakuyaamini maneno yake mwenyewe.

Hakurudi nyumbani. Alipitiliza hadi kwa Filadelfio, akamkuta mzee peke yake, amekaa nje ya nyumba yake ya shinikizo, anakula kitunguu na jibini. Nyuma yake hodhi lilikuwa linaunguruma. Sauti ile ilimuuma Agrippina kama mama anayesikia mtoto wa jirani akicheza wakati wake yuko kitandani.

"Kaa, Agrippina. Kula."

"Sijaja kula. Nimekuja kuomba. Ndoo moja ya machicha yaliyo hai, nikatie kwenye langu liamke."

Filadelfio akaacha kutafuna. Alikuwa rafiki wa Nunzio, walikuwa jeshini pamoja. "Unaniomba kitu kigumu. Unajua chachu haivuki kizingiti cha mtu kabla ya Mtakatifu Martino. Ikitoka, baraka ya nyumba inatoka nayo."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kwa miguu yangu, sikumtuma mtu."

"Baba yangu hakumpa hata ndugu yake."

"Filadelfio. Mwanangu Jumatatu anakwenda kujiandikisha migodini."

Mzee akakuna kidevu. Pengine angekubali, lakini Provvidenza alikuwa amefika, anahema kwa kupanda, na alikuwa amesikia ya kutosha.

"Tunaweza kutoa," akasema.

Wote wawili wakashangaa.

"Tutaivunja desturi kwa ajili ya marehemu Nunzio. Lakini sitoi chachu yangu kwenye nyumba yenye mkono baridi, ikafie huko. Mrudishe yule msichana kwao pwani. Mpaka Mtakatifu Martino tu. Akishaondoka, njoo na ndoo yako, hata mbili."

"Ni mke wa mwanangu."

"Kwani nimesema aachwe? Akasalimie mama yake. Kuna ubaya gani mtu kusalimia mama yake?"

*

Alifika nyumbani akiwa hajaamua, au akijiambia kwamba hajaamua. Alimkuta Tindara chumbani amepiga magoti sakafuni, shali kubwa limetandazwa, ndani yake gauni, soksi za sufu, na picha ya Bikira aliyokuja nayo siku ya arusi. Egidio alikuwa ameketi kwenye ngazi za nje, mgongo kwa mlango.

"Nani amekuambia?" Agrippina akauliza.

"Binti wa Bi Provvidenza amepita hapa. Kasema mama yake kakubali kukusaidia, nikiondoka." Tindara alikuwa anakunja blausi, akaikunjua, akaikunja tena. "Bora niende mimi pwani kuliko aende yeye Ubelgiji. Mimi nitarudi."

"Utarudi?"

"Mama, nikiondoka na hodhi likachemka, nani atanirudisha? Watasema si unaona. Lakini yeye hatakuwa chini ya ardhi." Akapangusa pua kwa mgongo wa mkono. "Nifungie hapa, fundo langu halikazi."

Agrippina akainama, akashika ncha mbili za shali.

"Hukumwambia Egidio," akasema. "Ya maji."

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Ni mama yake. Nimwambie mimi?"

Mficha uchi hazai, walisema wazee. Agrippina alibaki ameshika zile ncha za shali muda mrefu. Mkate wa Tindara ulikuwa hauumuki, ni kweli, kwa sababu yeye Agrippina alikuwa akimpa unga wa mwisho wa gunia na kujiwekea mzuri. Hilo nalo lilikuwepo. Yakianza kuhesabiwa yalikuwa mengi.

Akaziachia zile ncha.

"Simama," akasema. "Vaa viatu. Na wewe Egidio, ingia ndani kwenye hodhi, toa mablanketi, ungoje."

"Tunakwenda wapi?" Tindara akauliza.

"Simama, mwanangu, kabla sijaogopa."

*

Kwa Filadelfio walikuwa wamerudi kazini. Mzee mwenyewe, wapwa zake wawili, na kibarua mmoja walikuwa juu ya maganda yanayochemka, suruali zimekunjwa hadi mapajani, wanakanyaga kwa kushikana mabega. Miguu yao ilikuwa ya zambarau hadi juu ya magoti. Provvidenza alikuwa mlangoni anahesabu vikapu.

"Unamleta huyu hapa?" akapaza sauti. "Hapa? Wakati linachemka?"

"Hataingia. Nimemleta asikie." Agrippina akaushika mkono wa Tindara kwa nguvu, kama mtu anayevuka mto. "Filadelfio, shusha mguu, nisikilize. Na ninyi nyote. Huyu mtoto hana kosa. Hodhi langu nimeliua mimi. Niliziosha zabibu."

Wanaume wakaacha kukanyaga.

"Ulizifanyaje?" mpwa mmoja akauliza.

"Niliziosha. Kwa maji ya birika. Kwa sababu ya jivu."

"Ulizimwagia maji kidogo," Filadelfio akasema polepole, kama anayemsaidia.

"Nilizitumbukiza. Nikazisugua. Kichala kimoja kimoja."

"Mungu wangu."

"Na sakafu niliipiga chokaa na magadi kabla."

Hodhi peke yake likaendelea kububujika. Kisha kibarua akatoa sauti puani, mpwa akainama akishika magoti, na Filadelfio akaangua kicheko kilichomtoa machozi. Alicheka hadi akalazimika kushika nguzo ya shinikizo.

"Kichala kimoja kimoja! Na nyuma ya masikio, uliziosha?"

"Ulizivalisha na nguo za Jumapili?" mpwa akadakia.

"Mjane wa Nunzio," kibarua akasema, akihema, "toka leo ni Bi Sabuni!"

Na jina likashika hapo hapo. Kila mtu alilisikia likishika. Kule mlimani jina kama hilo likishampata mtu halimwachi. Wajukuu wanazaliwa nalo, linamfuata mtu hadi kwenye kadi ya mazishi, chini ya jina la ubatizo. Agrippina alihisi damu yote imempanda usoni. Hakuuachia mkono wa Tindara. Tindara naye ndiye sasa aliyekuwa anakaza.

Filadelfio akapangusa macho, kicheko kikamwisha kidogo kidogo. Akamtazama Tindara, kisha mke wake.

"Basi, Provvidenza. Mkono baridi umepatikana, ni maji."

"Hata kama!" Provvidenza alikuwa mwekundu. "Nilisema nitatoa msichana akiondoka. Kama haondoki, desturi ni desturi. Hakuna ndoo itakayotoka hapa."

"Sawa. Ndoo haitatoka. Desturi yasema chachu isivuke kizingiti ikiwa ndani ya chombo, si ndivyo? Ndoo ni chombo. Kikapu ni chombo." Akashuka kutoka juu ya maganda, akajipiga paja, mkono ukaacha alama kwenye zambarau. "Hili nalo ni chombo?"

"Wewe ni gunia!"

"Gunia lenye miguu. Wapwa zangu, shukeni. Msijifute. Nani amekuambia ujifute? Twendeni tukamsaidie Egidio kukanyaga."

"Filadelfio!"

"Mtu haruhusiwi kumsaidia jirani?"

Wakatoka hivyo hivyo, mmoja nyuma ya mwingine, peku, maganda yamewanata mapajani, maji ya zabibu yakiwatiririka hadi vifundoni. Njiani wanawake waliokuwa wanachota maji walijipiga ishara ya msalaba, kisha wakaanza kuuliza, na kibarua, aliyefuata kwa ajili ya kuona tu, akawa anawajibu wote.

Nyumba ya shinikizo ya Agrippina ilikuwa na sakafu nyeupe. Filadelfio aliweka mguu wa kwanza na kuacha alama nyeusi yenye vidole vitano. Agrippina alifumbua mdomo.

"Sema," mzee akamwambia. "Sema tu, Sabuni. Unataka tunawe?"

"Ingieni hivyo hivyo," akasema. Ilimgharimu kusema.

Wakaingia ndani ya hodhi, na Egidio pamoja nao, wakakanyaga, wakageuza maganda, wakasuguana miguu hadi kila ganda lililowanata likazama. Egidio hakumtazama mama yake. Alijua sasa, kibarua alikuwa amemwambia mlangoni. Walipomaliza, mawe mapya yalikuwa tayari na mablanketi yalitakiwa yarudi juu. Tindara alikuwa amesimama nje ya kizingiti, mikono ndani ya aproni.

"Ingia, mwanangu," Agrippina akasema. "Shika upande huu, peke yangu siwezi."

Tindara akamtazama mumewe. Egidio akainamisha kichwa, kisha akasogea kumpisha njia. Tindara akaingia.

*

Usiku ule hakuna aliyelala vizuri, na asubuhi hodhi lilikuwa kimya kama jana. Ilikuwa Jumapili. Kengele ya kwanza ikalia. Egidio alikuwa amevaa shati lake la misa, akasimama dirishani, na mama yake alijua kwamba anawaza Jumatatu. Alitaka kumwomba radhi. Alisema tu, "Kula kitu."

"Umewaacha wamtukane siku tatu, mama."

"Ndiyo."

"Na mimi nikakutuma ukamuulize vile."

"Ndiyo," akasema tena. "Na wewe."

Kengele ya pili ilipolia, Tindara alikuwa bado hajatoka nyumba ya shinikizo. Agrippina akaenda kumwita, wasije wakachelewa misa. Alimkuta amelaza shavu juu ya blanketi, amefumba macho.

"Mama, njoo."

Akaweka sikio. Mwanzoni alisikia damu yake mwenyewe. Kisha, kutoka chini, kitu kikafanya sauti ndogo kama ya mtu anayevuta uji wa moto. Kikanyamaza. Akashika pumzi. Kikavuta tena, na kingine kikajibu upande wa pili, na harufu ikampanda puani, ndogo, kali, ya kuwasha.

"Mungu wangu," akasema. "Mungu wangu, usiache."

Halikuacha. Egidio alikuja, akasikiliza, akakaa chini sakafuni kwenye zile alama za miguu, na shati lake la misa. Hakusema lolote kuhusu Jumatatu. Baadaye kidogo akasimama, akaenda kutafuta mawe mengine ya kuchoma.

Nje, watu walikuwa wanapita kwenda kanisani. Sauti ya Bi Provvidenza ilifika kabla yake, juu ya ukuta wa mawe meusi, kubwa ili kitongoji chote kisikie.

"Nyie wa Sabuni! Mmelala? Vipi huko kwenu?"

Tindara aliinua kichwa. Alimtazama mama mkwe wake kama anayeuliza. Kisha, bila kungoja jibu, akatoka mlangoni, akajibu kwa sauti ya watu wa pwani wanaoitana kutoka mtumbwi hadi mtumbwi:

"Tupo, Bi Provvidenza! Linachemka!"

"Lipi?"

"La Sabuni!"

Watu wakacheka barabarani. Agrippina akafunga mtandio wake kichwani, akatoka nje, kwa sababu aliyekuwa akiitwa ni yeye.